Canter Yetu, Bima Kubwa na Yule Niliyemsamehe

Katubuka,
Kigoma.
11 Agosti 2024

Mpendwa Dada Melania,

Shikamoo dada yangu. Anayekuandikia ni mtu mwenye bahati kuliko wote wanaoishi kati ya Kibirizi na Ujiji, na anayebisha aje tushindane. Mwaka huu gari limepinduka mimi nikiwa ndani, likalala matairi juu kama mende, nami nikatokea dirishani bila mkwaruzo. Hata kofia haikudondoka. Watu walioshuhudia wanasema hawajawahi kuona mtu anatoka kwenye ajali kama anatoka kunyoa nywele. Huyo ndiye mdogo wako.

Najua hapo umeshika kifua. Kaa kwanza, unywe maji, tusalimiane kama watu waliozaliwa nyumba moja, habari zitakuja zenyewe.

Hujambo lakini? Presha inakuheshimu siku hizi au bado inapanda bila kuaga? Na lile goti? Maji ya Newala mnaendelea kuyanunua kwa ndoo? Mimi nikiwaeleza watu wa huku, wenye ziwa zima mlangoni, kwamba dada yangu aliyewazalisha akina mama miaka yote hiyo huko Mtwara anapimiwa maji ya kunywa, wanadhani natunga. Korosho ulizotuma kwa yule dereva wa basi zilifika. Zilifika kwa mwanangu Noel, nataka kusema. Sisi wengine tuliona mfuko.

Huku hatujambo kwa jinsi ya kusema. Asnath mke wangu yupo, anakusalimu, anakaanga mihogo pale njia ya Gungu kila asubuhi na jioni anauza mawese. Happiness kaingia kidato cha pili, darasa lile lile lililonishinda mimi, kwa hiyo mwakani atakuwa msomi kuliko baba yake na ameshaanza kunisahihisha Kiswahili. Ziwa limepanda, dada. Pale Kibirizi tulipokuwa tunaegesha magari ya dagaa sasa wanaegesha mitumbwi. Vibanda vimehamia juu na watu wanagombana kila siku juu ya nani alikuwa mbele ya nani.

Umekuwa ukipiga simu na mimi nimekuwa nikisema mtandao mbaya. Mtandao ni mzuri, hata kule bandarini unashika. Ni kwamba kwenye simu ungeuliza Canter iko wapi, na mdomo wangu huu unaoujua ungesema iko gereji, inabadilishwa klachi, kama nilivyokuambia mwezi wa nne, na wa tano, na wa sita. Kwenye karatasi ni vigumu kidogo kudanganya, maana mtu unajisoma.

Canter haiko gereji, dada. Canter imekufa.

Ilikuwa masika, mwezi wa tatu, barabara inateleza kama kambare. Nimepakia dagaa wa watu pale Kibirizi, gunia juu ya gunia, naelekea Kasulu. Unanijua nikiwa kwenye usukani, naimba. Nimepita Mwandiga, nashuka taratibu kama bibi harusi, mara kwenye kioo naona Fuso linakuja nyuma, limejaa ndizi, taa zinawaka mchana na honi haiachwi. Breki hazikuwepo. Lilinipiga nyuma, likanigeuza, nikaenda mtaroni na kupinduka, lenyewe likasimama mbele baada ya kukata mwembe wa mtu.

Dagaa walimwagika barabara nzima. Nakuambia nilipokuwa ningali ndani, kichwa chini, nilisikia mama mmoja ananiuliza, "Baba, umepona?" na huku naona mikono yake inajaza kitenge. Nikamwambia nimepona mama, endelea na kazi yako. Nilipotoka nikapanda juu ya kile kilichobaki cha kichwa cha gari nikawahutubia. Nikawaambia nimefika Kalemie, nimefika Bujumbura, nimefika Mpulungu hadi Kariakoo, na Fuso la ndizi haliwezi kuniua. Watu walipiga makofi. Trafiki akaja, kijana mpole, akaniambia, "Mzee, njoo kituoni uchukue PF3 uende hospitali wakuangalie." Nikamjibu PF3 ni karatasi ya wagonjwa, mimi nipeleke kwenye soda. Watu wakacheka tena. Trafiki hakucheka, akaandika kwamba hakuna aliyeumia.

Mwenye Fuso anaitwa Eliakimu, kijana wa upande wa Heru Juu, gari lake mwenyewe na deni lake mwenyewe. Siku ile alikuwa amekaa kando ya barabara, hawezi hata kufunga kamba ya kiatu. Polisi wakamchukua wakamweka ndani.

Sasa dada, hapa nataka nikupe sifa yako. Tulipoinunua Canter kwa kiinua mgongo chako, mimi nilitaka bima ndogo, ile ya kumridhisha trafiki. Ni wewe uliyesema, "Tele, kata bima kubwa, hilo gari ndiyo uzee wangu." Nikakata, nikalipa, nikaivalia miwani ya kuringia. Nani pale Kibirizi alikuwa na bima kubwa? Wenzangu wote wanaendesha kwa rehema. Kwa hiyo siku ile, pamoja na kwamba Canter ilikuwa imekunjamana kama chapati, mimi moyo ulikuwa mweupe. Nilijua bima italipa, tutanunua nyingine, ikiwezekana yenye kiyoyozi, na wewe utarudi nyumbani Kigoma ukae kwenye kiti chako ule migebuka ya ziwani, gari linakuhudumia. Ndiyo sababu sikukuambia mapema. Nilitaka nikupigie nikiwa nimeegesha mpya.

Siku chache baadaye wakaja watu nyumbani. Unakijua kitu hicho, mama alikuwa akikisimamia sana enzi zake. Mtu akikukosea, wazee wake wanakuja kwako kabla hamjafika kwenye mikono ya serikali, wanakaa chini, wanasema kosa kwa majina yake, na wewe unasikiliza. Alikuja Mzee Oswald, yule aliyekuwa karani wa parokia, ndiye msemaji. Alikuja mama wa kijana, anaitwa Marcelina, mjane, amevaa khanga ya msiba ingawa hakuna aliyekufa. Walikuja na mbuzi na dumu la pombe ya ndizi. Marcelina alikataa kiti. Alikaa kwenye mkeka na miguu ameikunja kama binti aliyekuja kuolewa.

Mzee Oswald akasema, "Baba Noel, mtoto wetu amekuvunjia gari na angeweza kukuua. Hatukuja kubisha. Yuko ndani, analala chini, na mama yake hana mwingine. Tumekuja kwako kabla ya hakimu."

Dada, wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Mama wa watu yuko kwenye mkeka wako, machozi yanadondokea magoti, majirani wamejaa mlangoni hadi wengine wameweka videvu dirishani. Mimi nikasimama. Ningekaa tu, labda ningesema maneno machache. Lakini nilisimama, na nikisimama unajua. Nikasema, "Mama, nyamaza. Mimi sina kesi na mwanao. Gari langu lina bima kubwa. Bima yangu ni kubwa kuliko kosa lake. Mbuzi mrudishe, nibakizie dumu." Kelele zikalipuka, vigelegele, Marcelina akanishika miguu. Asnath peke yake hakupiga kigelegele. Alinitazama vile anavyonitazama nikiagiza nyama ya watu wote hotelini.

Mzee Oswald, kwa ukarani wake, akasema inatakiwa karatasi ya kupeleka polisi kijana atoke. Akataka kuandika mwenyewe mistari miwili. Nikamnyang'anya kalamu. Mimi niliyeuza kiwanja cha Ujiji nikaona wakili anavyoandika, nitaandikiwa na mtu? Nikaandika, na hili nalikumbuka kama sala:

"Mimi Telesphory, kwa akili zangu timamu na bila kushurutishwa na mtu, nimemsamehe ndugu Eliakimu. Mimi, mali yangu, mwili wangu, warithi wangu na yeyote atakayesimama mahali pangu, hatuna wala hatutakuwa na dai lolote juu yake, leo na hata milele."

Nikaisoma kwa sauti. Mzee Oswald akavua kofia. Akasema tangu azaliwe hajasikia msamaha umeandikwa hivyo. Tukaenda kwa mtendaji wa mtaa akagonga muhuri, nakala moja polisi, nyingine kwa mtendaji, nyingine kwa Mzee Oswald, na moja nikabaki nayo mimi, maana nilitaka kuiwekea fremu. Kesho yake kijana akatoka. Alikuja hapa akalala kifudifudi mlangoni. Nikamwinua nikampa chai.

Kisha nikavaa koti nikaenda kwenye ofisi ya bima.

Pale kuna binti anaitwa Diana, kaletwa kikazi kutoka Moshi, mpole, anaongea taratibu kama anamlisha mtoto. Faili langu lilikuwa limekwenda vizuri. Mkaguzi wao alishaipima Canter akasema haitengenezeki, ilipwe kama gari lililokufa. Kilichobaki ni saini. Akaniuliza kama nina nyaraka zozote za ziada kutoka polisi. Dada, mtu mwingine angesema hapana. Mimi nikatoa ile karatasi kifuani kwa mbwembwe, nikaiweka mezani kama turufu.

Akaisoma. Akairudia. Akaniuliza, "Mzee, hii umeandika mwenyewe au uliandikiwa?"

"Mwenyewe. Umeuona mwandiko?"

"Nimeuona." Akaweka kalamu chini. "Mzee Telesphory, mbona hukuja kutuuliza kwanza?"

Nikamwambia kusamehe hakuombewi kibali ofisini. Akakubali kwa kichwa, hakucheka, akanieleza. Akasema sisi tukikulipa gari, tunasimama mahali pako. Ile haki yako ya kumdai aliyekugonga inakuwa yetu, tunamfuata yeye au bima yake, tunarudisha tulichokupa. Imeandikwa kwenye mkataba, pamoja na onyo kwamba usifanye jambo lolote la kuiharibu haki hiyo bila sisi kujua.

"Basi simameni," nikamwambia. "Nani amewakataza?"

"Tusimame wapi, mzee? Mahali pako umeshapafuta. Sisi tunapata dai lile lile ulilonalo wewe, si zaidi. Na wewe umeandika huna."

"Binti, mimi nimesamehe la kwangu. La kwenu sijaligusa."

"La kwetu linatoka kwako. Halina kwingine linakotoka."

 Kisha nikamuuliza, "Kwa hiyo ningekuwa na roho mbaya, nikamwacha mtoto wa watu aoze ndani, mngenilipa?"

Akasema, "Ungekaa bila kuandika, tungekulipa. Roho haituhusu." Akaongeza, "Pole, baba." Nilimwona macho yamelowa. Nikaanza kumchekesha mimi, nikamwambia nikiwa tajiri nitamwoza kwa mwanangu Noel, ingawa Noel ana miaka tisa. Nilitoka pale nikiwa nimemfariji yeye. Barua ya kukataa malipo ilikuja mwisho wa mwezi, fupi, yenye maneno yangu mwenyewe ndani yake kati ya alama za kunukuu. Ndiyo mara ya kwanza nimenukuliwa.

Sikukata tamaa hapo hapo, usifikiri. Nilichukua bodaboda mpaka Mwanga kwa wakili Gervasi, yule kijana wa marehemu mwalimu wetu wa hesabu. Huyu alinifafanulia mpaka nikaona kila mlango kabla hajaufunga. Akasema mtu mwenye bima hapotezi haki yake ya kushtaki. Anaweza kumshtaki aliyemgonga kwa jina lake mwenyewe. Bima ikishalipa gari, hela ya gari mahakamani inakuwa ya bima, asilipwe mara mbili kwa hasara moja. Lakini yale ambayo bima haikuyalipa, safari zilizokufa, kazi iliyosimama, maumivu ya mwili, hayo ni ya mwenyewe, hakuna kampuni inayoweza kuyachukua.

Nikamwambia, "Sasa Gervasi, tunaanza na lipi? Tushtaki yote."

Akaichukua ile karatasi kwa ncha za vidole. "Kaka Tele, hapa umeandika mali. Umeandika mwili. Umeandika warithi, na hata yule atakayesimama mahali pako. Nani alikushauri?"

"Hakuna. Ni kipaji."

"Ningekuwa mimi ndiye wakili wa Eliakimu, nisingeweza kumwandikia nzuri kama hii. Ungeandika 'nimemsamehe' ukaishia hapo, ningepata pa kushika. Ningesema ulimsamehe kosa la jinai, la hasara hukuligusa."

Akaniuliza kama niliumia. Alisema mwili una sheria zake, kwamba mtu akitia saini kabla hajajua ameumia, hakimu mwenye huruma anaweza kusikiliza. Nikampiga bega nikamwambia nitazame, huyu ni mtu wa kuumia? Akashusha pumzi akasema afadhali, kwa sababu aliyeumia na hana PF3, na trafiki kaandika hakuna majeruhi, na mashahidi wote walimwona anahutubia juu ya gari, huyo angemtesa wakili bure mahakamani. Naambiwa pia kuna ofisi Dar ya kusuluhisha watu na kampuni za bima. Gervasi akasema nenda kama unapenda safari, lakini na huko wataisoma karatasi hiyo hiyo. Hakunitoza kitu. Alisema baba yake angefufuka amchape.

Nikaenda na kwenye bima ya Eliakimu, ile ndogo, maana hiyo kazi yake ndiyo kuwalipa watu anaowagonga. Hawakunikalisha hata. Walisema mteja wetu hadaiwi na wewe, sisi tukulipe kwa niaba ya nani? Walikuwa na nakala. Sijui nani aliwapa. Nakala za msamaha wangu zimezagaa mji huu kuliko matangazo ya mkutano wa injili.

Halafu Eliakimu mwenyewe akaja, na hili ndilo lililonimaliza. Alikuwa amesikia. Fuso lake wenye deni wameshalichukua, sasa anabeba mizigo ya watu Kibirizi kwa mgongo. Alikuja na mama yake na Mzee Oswald, safari hii bila mbuzi. Akasema, "Baba, tuichane. Nirudi ndani, unishtaki, bima yangu ikulipe. Mimi ni kijana, nitatoka." Anasema hivyo, na Marcelina nyuma yake ameshika mdomo kwa viganja viwili.

Mzee Oswald akasema, "Hilo halichaniki. Tulikunywa pombe ya msamaha."

Na kweli tulikunywa, dada. Lakini hata tusingekunywa, Gervasi ameshanieleza, karatasi iliyofika polisi na bima haifi kwa kuchana nakala ya sebuleni, na wakijua tumekaa tukapanga kuirudisha kesi ili tulipwe, tunakwenda ndani wote wawili, mimi na yeye, tukalale mkeka mmoja. Nikamwambia kijana kaa, unywe chai. Chai yenyewe haikuwa na sukari. Alikunywa.

Kuna watu hapa mtaani wanasema nimerogwa. Wengine wananiita Bima Kubwa, hata watoto. Napita wanasema, "Shikamoo Bima Kubwa," na mimi naitikia kwa sauti, maana nikinuna watazidisha. Kuna jirani, jina namwachia mwenyewe, ananiambia kila tukikutana, "Tele, ungekaa kimya siku moja tu." Nimemjibu ningekuwa mtu wa kukaa kimya wewe ungehadithia nini? Lakini nikifika nyumbani nalifikiria neno lake mpaka chakula kinapoa.

Kichwa cha Canter kiko Gungu kwa fundi wa vyuma, wanakata kidogo kidogo. Juzi niliona mlango wa kushoto umewekwa kwenye banda la kuku, na bado umeandikwa jina lako, MELANIA, kwa ile rangi ya bluu. Nilitaka kuuomba. Nikaona nitaupeleka wapi.

Sasa lile ninalopaswa kukuandikia. Uliniambia umeshaanza kufunga mizigo, na ile nyumba ya kupanga umetoa taarifa. Dada, gari la kukuhudumia uzeeni halipo, na halitakuwepo. Hakuna kampuni inayodaiwa, hakuna mtu wa kumshtaki, hakuna kesi inayosubiri tarehe. Nimegonga kila mlango na nyuma ya kila mlango nimekuta mwandiko wangu. Kama mwenye nyumba bado hajampata mpangaji, mwambie unabaki. Kama ameshampata, njoo, chumba cha mbele ni chako, mimi na Asnath tutahamia chumba cha watoto, lakini usije ukitazamia kupumzika. Utakuja kukaa na watu wanaohesabu mihogo. Sikufichi hilo, nimeshakuficha vya kutosha.

Ukitaka kunilaani, nilaani kwa barua, nisome polepole. Ukitaka kunisamehe pia, nakuomba usiandike mahali popote.

Nisalimie mama mwenye nyumba wako, na yule rafiki yako Esther wa zahanati ambaye alikuwa akinitania kwenye simu, mwambie mchumba wake wa Kigoma amefilisika lakini sura bado ipo. Asnath anakusalimu, anasema hana la kuongeza, na ameniangalia nikiandika hilo. Happiness anakusalimu kwa Kiingereza. Noel anaulizia korosho. Hata Marcelina anakusalimu, hakujui, lakini kila Jumapili anakuja na dagaa wawili watatu kwenye sahani iliyofunikwa na anataka kujua dada yangu mwenye gari anaendeleaje. Mungu wa mama yetu akulinde, akuondolee presha, akupe majirani wenye maji, na asikupe tena ndugu wa aina yangu.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, nimeikunjua. Dada, pale mwanzo nilikuandikia kwamba nilitoka bila mkwaruzo na kwamba nina bahati. Si kweli. Niliumia mgongo. Mguu wa kulia ulianza kufa ganzi wiki ile ile ya ajali na sasa hausikii kitu kuanzia gotini kwenda chini, ninatembea kwa fimbo na siwezi kukanyaga breki. Daktari ameniambia mwezi uliopita kwamba hautarudi. Gervasi hajui, na wewe ndiye wa kwanza ninayemwambia baada ya Asnath. Hata wangetulipa Canter ya pili, dereva hayupo.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Telesphory